Mgahawa wa Mtaani na Utamaduni wa Taifa

Tangu tarehe 10 Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alipolitangazia Bunge la Tanganyika kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, maandishi mengi yametolewa nchini kuhusu utamaduni. Yameandikwa juu ya ngoma na nyimbo, juu ya uchongaji, ususi na ufinyanzi, juu ya mavazi, michezo ya jadi na lugha ya Kiswahili. Yote hayo ni mema, nasi hatuna nia ya kuyapunguzia heshima yake. Lakini liko jambo moja ambalo mwananchi wa mjini hulitenda karibu kila siku, na ambalo wahakiki wetu wamelipita kama mtu apitaye mlangoni pa jirani bila kupiga hodi. Jambo hilo ni kula nje ya nyumba yake, katika mgahawa mdogo wa mtaa anaokaa au anaofanyia kazi.

Kwa mgahawa wa mtaani hatukusudii hoteli ya ghorofa iliyojengewa wageni. Twakusudia ile nyumba, na mara nyingi ni banda tu, yenye mabenchi mawili matatu, meza zilizotandikwa nailoni ya maua, ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya vyakula pamoja na bei zake, na nyuma yake majiko ya mkaa yaliyobeba masufuria. Mwenyewe ni mama ntilie, au mama lishe, na siku hizi yuko pia baba lishe. Mifano yetu mingi tutaitoa Dar es Salaam, kwa sababu huko ndiko tunakokujua zaidi; lakini msomaji wa Mwanza, Tanga, Mbeya au Dodoma hatashindwa kuutambua mgahawa wake humu.

Yako mawazo mawili ambayo yameuzuia mgahawa usihakikiwe. La kwanza ni kwamba mtu alaye nje ni mtu aliyekosa nyumba, na kwa hiyo mgahawa ni dalili ya upungufu wala si tunda la utamaduni. La pili ni kwamba utamaduni ni jambo la sherehe: huvalishwa mavazi yake, hupandishwa jukwaani, hupigiwa makofi, kisha hurudishwa ghalani hadi sikukuu nyingine. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba mawazo yote mawili yana kasoro, na kwamba kasoro hiyo ina gharama. Kitu kisichohesabiwa kuwa ni utamaduni huwa rahisi kufagiliwa kama takataka.

Jina na Chimbuko Lake

Tuanze na maneno, maana maneno ni shahidi asiyelipwa. Jina la mgahawa, au mkahawa kama wasemavyo wengine, limetokana na kahawa. Jina hilo latuonyesha kwamba kinywaji na mazungumzo vilitangulia, chakula kikafuata. Neno hoteli nalo lilikuja na Kiingereza, likiwa na maana ya mahali pa kulala. Mswahili alilipokea, akalivua maana ile na kulivika nyingine. Kwa mwananchi wa kawaida kwenda hotelini ni kwenda kula. Atakapo kulala hutafuta nyumba ya wageni. Na neno genge limebeba maana mbili kwa pamoja: kikundi cha wafanyakazi, na mahali panapouzwa vyakula. Mahali walipo watu wa kazi, hapo hapo ndipo sufuria huinjikwa.

Jina la mama ntilie lina uzuri wa peke yake. Limetokana na ombi la mteja: mama, nitilie, yaani nitilie chakula, nitilie mchuzi. Ombi likawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la tabaka zima la wanawake. Baadaye lilizuka jina la mama lishe, ambalo lina heshima zaidi katika hotuba na nyaraka. Yafaa tukumbuke tofauti yake. La kwanza lilitolewa na mwenye njaa. La pili lilipata nguvu kwa wenye semina. Yote mawili tunayapokea, lakini historia imo ndani ya lile la kwanza.

Historia yenyewe si ya kufurahisha. Uchumi wa kikoloni uliwaita wanaume mjini na kwenye mashamba ya mkonge bila kuwaita wake zao. Mshahara ulipimwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na penginepo sehemu yake ilitolewa kama posho, yaani unga na maharage ya kumtosha mtu huyo ili kesho aamke na kufanya kazi. Neno posho bado tunalo, ingawa leo hulipwa katika mikutano. Mtu wa namna hiyo hakuwa na jiko wala mwenzi wa kumpikia. Mwanamke aliyekaanga mihogo na kupika uji kando ya njia alikuwa anaziba pengo ambalo bwana shamba na serikali yake waliliacha kwa makusudi.

Pengo jingine lilifunguka baada ya Uhuru. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wakati bidhaa zilipokuwa adimu, mshahara wa mfanyakazi ulipungua nguvu mwaka hata mwaka. Mume aliyekuwa akilisha nyumba kwa mshahara hakuweza tena. Hapo wake za makarani, mafundi na madereva walitoka na masufuria yao wakaenda kupika kwenye milango ya viwanda, vituo vya mabasi na majengo yanayojengwa. Kampeni ya Nguvukazi ya 1983 iliwahesabu wengi wa wafanyao biashara ndogondogo kuwa ni watu wasio na kazi ya halali. Lilikuwa jambo la ajabu, kwani watu hao ndio waliokuwa wakiwawezesha wenye kazi zinazotambuliwa kuzifanya kazi zao wakiwa na shibe. Basi wazo la kwanza, kwamba mgahawa ni dalili ya nyumba iliyoshindwa, linageuka: mgahawa ndio uliozisaidia nyumba nyingi zisishindwe.

Je, Chakula Hiki ni Chetu?

Wako wapenzi wa utamaduni ambao watatuuliza: hicho chakula cha mgahawani ni cha asili? Swali hili halina budi kujibiwa kwa makini, maana majibu mepesi yametupoteza katika mambo mengine.

Tuchukue sahani ya kawaida ya mchana: ugali, maharage, mchicha, kipande cha samaki, kachumbari ya nyanya na pilipili, na kando yake kipande cha papai. Mahindi yalitoka Marekani, yakafika katika pwani yetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi. Na maharage haya yetu ya kawaida, nyanya, pilipili na papai asili yake ni bara hilo hilo. Muhogo, ambao majani yake hutupa kisamvu, nao ulivuka bahari hiyo hiyo. Tukienda kwenye sahani ya pili, mpunga umekuwapo pwani kwa takriban miaka elfu moja, nao asili yake ni Asia, kama ilivyo asili ya ndizi. Pilau na chapati zilikuja na watu na biashara kutoka Uajemi na Bara Hindi. Nafaka zilizo za Afrika tangu mwanzo, yaani mtama, uwele na ulezi, ndizo tunazozikuta kwa nadra kwenye ubao wa mgahawa wa Dar es Salaam, ila ulezi katika uji wa asubuhi.

Je, tuseme basi kwamba hatuna chakula chetu? La hasha. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuteremka kuelekea Mombasa na Kilwa, alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli, ukiwa na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu, tangawizi na embe. Vingi vya vitu hivyo vilitoka mbali, lakini mapishi na ukarimu vilikuwa vya wenyeji. Wahenga walisema, mchele mmoja mapishi mbalimbali. Chakula huwa cha watu fulani kwa namna wanavyokipika, wanavyokipakua na wanavyokila pamoja. Mahindi yalifika hapa yakiwa mahindi tu. Ugali uliosongwa kwa mwiko hadi ukaacha kuta za sufuria ni kazi ya mikono yetu.

Mgahawa umefanya jambo kubwa zaidi. Umevikutanisha vyakula vya mikoa. Mtori uliteremka kutoka Kilimanjaro, makande kutoka milima ya Upare na Usambara, mlenda kutoka Dodoma na Singida, dagaa kutoka Kigoma na Mwanza, wali wa nazi na samaki wa kupaka kutoka pwani. Katika mgahawa mmoja wa Kariakoo au Temeke mtu wa Bukoba hula dagaa wa Kigoma aliyeungwa kwa nazi ya Mafia, akapakuliwa na mama wa Kondoa. Hapana azimio lolote lililoamuru muungano huo. Kiswahili kilienezwa kwa shule, kwa redio na kwa siasa. Sahani hii ya taifa imeenezwa na mama ntilie peke yake, kwa mtaji wa sufuria nne.

Ufundi wa Jikoni

Mhakiki wa ngoma huangalia mdundo na mwendo. Mhakiki wa mgahawa huangalia nini? Sisi tunapendekeza kwamba aanze na kitu kimoja: maharage. Maharage ni chakula cha bei ya chini kabisa kwenye ubao, na kwa hiyo ndicho kinachomfichua mpishi. Kwa nyama mpishi hafifu aweza kujificha nyuma ya utamu wa nyama yenyewe. Kwa maharage hana pa kujificha. Mpishi bora huyachagua na kuondoa mawe, huyaloweka, huyachemsha kwa moto wa taratibu hadi yakaiva bila kupasuka ovyo, ndipo akayaunga kwa kitunguu na tui. Tui zito huingia mwisho, na mwiko haukomi kuzunguka, maana likichemka bila kukorogwa hukatika, na mchuzi ukawa maji na mafuta yasiyojuana. Mwenye haraka hutia chumvi nyingi na mafuta mengi ili kuficha ubichi. Mlaji huijua tofauti hiyo katika tonge la pili.

Wali nao una mtihani wake. Tui jepesi hutangulia, mchele ukafuata, na tui zito likaja maji yanapokaribia kukauka. Kisha huja kupalia: makaa huondolewa chini na kuwekwa juu ya mfuniko, ili wali uive kwa joto la juu na la chini, punje moja isishikamane na nyingine. Ukoko unaobaki chini ni hati ya mpishi. Ukoko mweusi ni ushahidi wa uzembe. Ukoko wa rangi ya dhahabu, ambao wateja wa siku zote huuombea kwa jina, ni ushahidi wa mkono uliozoea.

Na ugali uko wa namna mbili. Sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa. Ni mweupe, laini, hukaa muda mrefu bila kuharibika. Dona ni unga wa mahindi yasiyokobolewa. Una virutubisho vingi zaidi, lakini rangi yake si nyeupe sana. Kwa miaka mingi mlaji wa mjini aliuona weupe wa sembe kuwa ni dalili ya maendeleo, akaudharau ugali wa dona kuwa ni wa shuleni na wa jela. Hapa tunalaumu kasumba, wala hatumlaumu mpishi. Lakini migahawa inayouandika ugali wa dona kwenye ubao bila kuuonea haya, na ikausonga vizuri hata watu wakaupenda, inafanya kazi ya elimu ya lishe bila kutoa hotuba.

Hatuna budi kutaja pia chipsi, na hasa chipsi mayai, ambazo vijana huziita zege. Wako wanaozilaani kuwa ni uvamizi wa ugenini. Sisi tunaona kwamba aliyechukua viazi vya kukaanga vya Mwingereza, akavimwagia mayai yaliyopigwa, akavigeuza kuwa kitu kimoja cha duara na kukiita kwa jina la kazi ya ujenzi, huyo amefanya ubunifu. Lawama yetu ni nyingine: mafuta yaleyale hutumika tena na tena hadi yakawa meusi. Hapo hatuzungumzi tena juu ya utamaduni, bali juu ya afya ya mlaji.

Adabu ya Meza

Chakula kizuri kilicholiwa kwa upweke hakitoshi kuufanya mgahawa uwe mgahawa. Kinachomrudisha mteja ni ile hali ya kupokewa. Anaingia, anasalimiwa; ikiwa ni mtu wa kila siku, huulizwa habari za nyumbani kabla ya kuulizwa atakula nini. Analetewa jagi na beseni, ananawa. Akikaa kwenye benchi aliloketi mtu asiyemjua, yule aliyeanza kula humwambia karibu, naye hujibu ahsante. Wote wawili wanajua kwamba hakuna atakayeingiza mkono katika sahani ya mwenzake. Hata hivyo neno hilo si la bure. Kwa neno hilo mlaji wa kwanza amekiri kwamba mtu aliyeketi karibu naye ni mwenzake, na kwamba kula mbele ya mwenye njaa bila kumkaribisha ni aibu. Katika mji wa watu mamilioni wasiojuana, hili ni jambo la kulindwa.

Adabu ya pili ni nyongeza. Mteja aliyemaliza mchuzi kabla ya ugali huomba aongezewe, naye huongezewa bila malipo. Mwenye hesabu za duka ataona hiyo ni hasara. Mama ntilie anajua kwamba mchuzi ule ndio unaotofautisha kumlisha mtu na kumuuzia. Adabu ya tatu ni daftari. Fundi ambaye hajalipwa na mwenye nyumba, mpagazi aliyekosa mzigo, mwanafunzi ambaye fedha zake zimechelewa, wote hula wakaandikwa. Daftari hilo ni benki isiyo na dhamana ila uso wa mtu. Na wengine huihama njia ili wasionane na mwenye daftari. Wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini madaftari hayo yamewavusha watu wengi ambao hakuna ofisi yoyote ingewakopesha.

Adabu ya nne ni ya imani. Waislamu na Wakristo huketi benchi moja, na mpishi ajuaye kazi yake huhakikisha kwamba kilichomo sufuriani kinaweza kuliwa na wote. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Bara hufunika mlango kwa pazia mchana ili asiyefunga ale bila kumkwaza afungaye, na jioni hapo hapo huuzwa futari ya mihogo, viazi vitamu na tambi. Pazia lile la kitambaa lina busara kubwa kuliko hotuba nyingi juu ya kuvumiliana.

Mgahawa wa Fahari

Katika miaka ya karibuni wenye nacho wamezuka na tamaa ya chakula cha nyumbani. Zimefunguliwa nyumba za fahari ambamo vibuyu na vinyago vimetundikwa ukutani, ugali umefinyangwa kama yai, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa Kiingereza. Hatuzipingi kwa sababu ya bei yake tu. Mwenye fedha ana haki ya kukaa penye feni na kitambaa cheupe. Tunazihakiki kwa kipimo kilekile cha maharage na cha adabu.

Kwa kipimo hicho nyingi zinaanguka. Mpishi ameambiwa apunguze pilipili, apunguze dagaa kwa sababu ya harufu, aondoe miiba. Mhudumu amefundishwa kumwogopa mteja badala ya kumkaribisha, na mteja amekaa mbali na mteja mwenzake ili wasije wakasalimiana. Nyongeza ya mchuzi imepewa bei. Kilichobaki ni picha ya chakula chetu. Ni kosa lilelile lililofanywa kwa ngoma zilipotolewa uwanjani pa kijiji na kufupishwa kwa dakika tano kwa ajili ya mgeni wa heshima. Mjadala uliofanyika nchini mwaka 1970 kuhusu utalii na ujamaa uliuliza kama hoteli kubwa zingetuletea maendeleo au zingetufanya watumishi katika nchi yetu. Swali hilo laweza kuulizwa tena leo, ila safari hii mgeni anayenyenyekewa huenda akawa ni ndugu yetu aliyepanda cheo.

Kasoro Zisizofichika

Mhakiki anayesifu tu ni mpambe. Mgahawa wa mtaani una kasoro, na baadhi yake ni za hatari.

Ya kwanza ni maji. Tangu kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka ya 1970, kila kinapozuka vidole huelekezwa kwanza kwa mama ntilie. Lawama hiyo ni ya haki kwa sehemu tu. Chakula kilichochemshwa vizuri na kuliwa kikiwa cha moto si hatari sana. Hatari imo katika maji ya kunawa yanayotumiwa na watu kumi, katika kachumbari na matunda yaliyooshwa kwa maji machafu, na katika sahani zilizosuuzwa kwenye ndoo moja kutwa nzima. Mgahawa usio na bomba wala choo hauwezi kuwa msafi kwa kukemewa. Lakini wako pia wenye bomba karibu ambao huona uvivu wa kubadilisha maji ya ndoo, na hao hatuwatetei.

Ya pili ni haki ya wafanyao kazi. Mara nyingi yupo binti aliyeletwa kutoka kijijini, aamkaye kabla ya alfajiri kuwasha moto, aoshaye vyombo hadi jioni, na ambaye malipo yake ni chakula, mahali pa kulala, na ahadi. Anaitwa mtoto wa ndugu, na jina hilo la ujamaa hutumiwa kufunika kazi isiyolipwa. Tukisifu mgahawa kwa kuwaita wateja wote ndugu, hatuna budi kuuliza udugu huo unaishia wapi ukifika jikoni. Mama ntilie mwenyewe ni mtu aliyekandamizwa. Lakini mwenye kukandamizwa naye aweza kumkandamiza aliye chini yake.

Ya tatu ni moshi na mkaa. Mpishi huvuta moshi kutwa, na misitu hupungua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umekusudia kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Lengo ni jema. Lakini maharage huhitaji saa nyingi motoni, na mkaa hununuliwa kwa kopo wakati gesi huhitaji fedha nyingi kwa mara moja. Tena, kupalia wali hakuwezekani kwa gesi kama kunavyowezekana kwa makaa. Ni lazima ufundi mpya utafutwe: kuloweka zaidi, masufuria ya mvuke, majiko yenye joto la juu na chini. Wa kuulizwa kwanza katika utafiti huo ni wapishi wenyewe, maana wao ndio wanaojua sufuria inasema nini.

Wajibu Wetu

Mwezi Desemba 2018 Serikali ilianza kutoa vitambulisho kwa wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mama lishe walikuwa miongoni mwao. Lilikuwa ni jambo la kuwatambua, nao wengi walivivaa shingoni kwa fahari. Mwishoni mwa 2021 wafanyabiashara wa barabarani waliondolewa katika maeneo mengi ya miji na kuelekezwa mahali palipotengwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: njia za waendao kwa miguu zilikuwa zimezibwa, na mifereji pia. Hatupingi mpango wa mji. Tunachosema ni kwamba mgahawa hauhamishiki kama kabati. Mteja wake ana nusu saa ya kula. Ukipelekwa mwendo wa dakika 20 kutoka kwenye karakana yake, mteja huyo hatakwenda. Atashinda njaa, au atakula biskuti na soda. Na mama ntilie aliyepelekwa penye paa zuri pasipo na watu atapika siku tatu, chakula kitalala, na siku ya nne atarudi barabarani usiku.

Tungekuwa tumeuhesabu mgahawa kuwa ni chombo cha utamaduni, tungeupangia nafasi yake tangu ramani ya kwanza ya mtaa, kama tunavyopanga shule, zahanati, msikiti, kanisa na uwanja wa mpira. Tungeuwekea maji, choo na paa pale pale walipo watu wa kazi. Maofisa wa afya wangefika kufundisha kabla ya kufika kutoza faini. Katika vyuo vyetu vya ufundi, mapishi ya mama ntilie yangefundishwa kwa majina yake ya Kiswahili, kupalia kukiitwa kupalia na kuunga kukiitwa kuunga, badala ya kumfundisha kijana mchuzi wa Kifaransa ambao hataupika ila akibahatika kuajiriwa na mgeni.

Wahakiki nao wana sehemu yao. Hatuwaombi waandike sifa. Twawaomba waende mgahawani wakiwa na kipimo mkononi: maharage yameungwaje, ukoko una rangi gani, maji ya kunawa yanabadilishwa mara ngapi, mgeni anakaribishwa na nani, na yule binti anayeosha vyombo analipwa kiasi gani. Mgahawa utakaofaulu maswali hayo matano utakuwa umetupa kitu ambacho taasisi zetu nyingi bado hazijakipata, nao unastahili kuandikwa katika vitabu kama tunavyoiandika ngoma iliyochezwa vizuri. Na utakaoshindwa uambiwe umeshindwa wapi, kwa lugha ambayo mwenyewe ataielewa, ili kesho yake asubuhi, anapowasha moto, ajue aanze kurekebisha nini.